Alikosa Ada ya Chuo, Akafungua Vyuo: Habari za Mama Kevina

(Hotuba hii ilitolewa na mwalimu wa kisomo mstaafu mbele ya wahitimu wa kisomo na wazazi wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida. Tunaichapa kama alivyoisoma.)



Mwenyekiti amenipa nusu saa. Amenionyesha na saa yake ya mkononi, nisije nikasema sikuambiwa. Nitajitahidi, lakini mnajua bibi akianza kusimulia.

Kwanza nitataja jambo ambalo wote hapa mnalijua. Desemba iliyopita majina ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yalibandikwa ukutani pale ofisi ya kijiji. Nilikwenda na miwani yangu, nikayasoma moja moja. Wasichana walikuwa sita. Shule zikafunguliwa Januari. Leo tumo katika Februari, na wasichana walioonekana darasani ni wanne. Mmoja, tunaambiwa, yuko Dar es Salaam, analea mtoto wa watu. Mwingine yuko hapa hapa kijijini. Jana nimepishana naye njia ya kisimani, ana ndoo kichwani. Akaniamkia, "Shikamoo, bibi." Nikaitika marahaba. Hakusema zaidi, na mimi sikumwuliza.

Baba yake amekaa hapa pamoja nasi. Simtaji jina, na sikuja kumsuta. Ni mtu mwema, na mwaka jana alizeti haikumpa kitu. Mimi nimekuja kusimulia habari za mwanamke mmoja tu, halafu tuzungumze.

Mwanamke huyo alikuwa sista wa Kikatoliki. Naona Waislamu wenzetu wapo hapa, na wazee wanaoshika mila wapo. Msiondoke. Sikuja kuhubiri dini ya mtu. Habari ya leo ni ya shule.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na mji wa Arklow, katika jimbo la Wicklow, nchi ya Ireland. Ireland ni kisiwa kilicho jirani na Uingereza. Wakati huo kilitawaliwa na Waingereza, kama sisi tulivyotawaliwa baadaye. Watu wa huko walikuwa wakulima wa viazi na wafugaji, na njaa walikuwa wanaijua. Kati ya mwaka 1845 na 1849 viazi vilioza mashambani, wakafa watu wapatao milioni moja. Teresa alizaliwa miaka 26 tu baada ya njaa hiyo, kwa hiyo wazee waliomlea waliiona kwa macho yao. Nasema hivi kwa sababu wengine wanadhani kila Mzungu alizaliwa na sahani ya nyama mbele yake.

Baba yake alikufa kwa ajali miezi mitatu kabla yeye hajazaliwa. Mama yake akaolewa tena. Teresa alipofika miaka 10, mama naye akafa. Akachukuliwa na bibi yake, mzaa mama. Hapa nadhani akina bibi mnanielewa, maana nyumba ngapi za kijiji hiki zinalea wajukuu? Bibi huyo alimlea mpaka alipofika miaka 17, naye akafariki.

Sasa sikilizeni. Teresa alikuwa na akili ya shule, akataka kuwa mwalimu. Alisoma kwa masista, akafika mahali pa kuingia chuo cha ualimu. Chuo kilitaka ada. Ada hakuna. Basi, safari ikaishia hapo. Akawa mwalimu msaidizi, yule anayefundisha bila cheti, mshahara mdogo, na kila mwenye cheti ni mkubwa wake. Akavuka bahari kwenda Uingereza, akafundisha huko katika shule ya masista, bado bila cheti.

Mwaka 1895, akiwa na miaka 20, aliingia utawa. Shirika lake lilikuwa la Masista Wafransisko wa Mill Hill, mjini London. Mwaka 1898 akapewa jina la Sista Kevin. Kevin ni jina la kiume, jina la mtakatifu wa kale wa huko kwao Wicklow. Yeye alitaka apelekwe Marekani kuwatumikia watu weusi wa huko. Alingoja miaka mitatu. Wito ulipokuja ukawa si wa Marekani, ukawa wa Afrika. Askofu Henry Hanlon wa Uganda alikuwa anaomba masista.

Tarehe 3 Desemba 1902 masista sita waliondoka London. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwani Kisumu mwaka mmoja tu kabla yao. Tarehe 15 Januari 1903 walifika kilima cha Nsambya, Kampala. Sista Kevin alikuwa na miaka 27.

Wazee wetu wa Kinyaturu hutusimulia habari za Liti, yule mwanamke aliyewaongoza watu kuwapinga Wajerumani kwa nyuki wake. Basi miaka ni hiyo hiyo. Wakati Liti anapambana huku kwetu, huyu alikuwa anafika Uganda. Mmoja alikuwa anawafukuza wageni, mwingine ni mgeni anayeingia. Siwafananishi. Nawapa tu mahali pa kuishika tarehe.

Masista walikuta nini Uganda? Walikuta nchi yenye majeraha. Miaka kumi na moja nyuma, mwaka 1892, Wakristo wa pande mbili, Wakatoliki na Waprotestanti, walikuwa wamepigana kwa bunduki pale pale Kampala. Halafu ugonjwa wa malale ulikuwa umeingia kando ya ziwa, hasa Busoga. Katika miaka ile uliua watu zaidi ya laki mbili. Ndui nayo ipo, malaria ipo.

Hospitali yao ya kwanza ilikuwa mwembe. Ndiyo, mti wa mwembe karibu na nyumba yao. Wagonjwa walikaa kivulini, masista wakasafisha vidonda na kugawa dawa kidogo waliyokuwa nayo. Mimi nikisoma habari hii nilicheka peke yangu, maana na mimi darasa langu la kwanza lilikuwa mti.

Nitaomba ruhusa ya Mwenyekiti nijisemee kidogo. Nilizaliwa enzi za Mwingereza. Nyumbani tulikuwa na mbuzi. Kaka yangu alikwenda na shule, mimi nikaenda na mbuzi. Nikaolewa, mume wangu akaenda Tanga kukata mkonge. Barua zake zilipofika nilikuwa nampelekea jirani anisomee. Jirani huyo aliijua siri yote ya ndoa yangu! Alijua mume wangu ametuma shilingi ngapi kabla mimi sijajua. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na baadaye kisomo kikafika kwetu, chini ya mti, ubao umeegemezwa kwenye shina. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine ameshika kanga yangu. Mwalimu wetu alikuwa msichana aliyemaliza darasa la saba. Siku niliyosoma barua ya mume wangu mwenyewe, polepole, herufi kwa herufi, nililia. Haikuwa na jambo kubwa. Aliuliza kama mvua imenyesha.

Haya, turudi Nsambya.

Masista walifundisha wasichana kusoma, kuandika, dini, kushona na usafi wa nyumba. Mwaka 1906 walifungua kituo cha pili Nagalama, maili 23 kutoka Nsambya. Mkuu wao wa kwanza, Mama Paulo, aliugua akaondoka mwaka 1910, na Sista Kevin akaachiwa uongozi. Watu wakaanza kumwita Mama Kevina. Waganda hawapendi neno liishie hewani, wanaliongezea irabu mwishoni, kama sisi. Mwaka 1913 akafungua Kamuli, huko Busoga kulikoteswa na malale.

Mwaka 1914 vita ya Waingereza na Wajerumani ikaanza, na sisi wa huku tukawa uwanja wa kupigania. Waingereza walichukua wapagazi kwa maelfu, wakawaita kwa Kiingereza jina ambalo midomo yetu ililigeuza kuwa Kariakoo. Ndiyo Kariakoo hiyo hiyo ya Dar es Salaam mnayokwenda kununua vitenge, jina lake lilitoka kwa wale wapagazi waliokufa kwa njaa, kuhara na baridi. Jirani zetu Wagogo bado wanakumbuka njaa iliyofuata vita ile, wanaiita Mtunya. Basi wapagazi waliougua na kujeruhiwa walipelekwa Nsambya, na Mama Kevina na wenzake wakawauguza. Desemba 1918 serikali ya Uingereza ilimpa nishani kwa kazi hiyo. Wapagazi wenyewe sijasikia kama walipewa nishani.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nimpende.

Akina mama wengi walikuwa wanakufa katika uzazi, na watoto wachanga wanakufa. Masista wanaona, lakini hawawezi kufanya kitu. Kwa nini? Kwa sababu sheria ya Kanisa Katoliki wakati ule ilimkataza mtawa kuzalisha. Sista anaweza kufunga kidonda, anaweza kumwosha mwenye ukoma, lakini mama akishikwa na uchungu sista anatakiwa asogee kando. Mtaniuliza, sheria gani hii? Na mimi niliuliza. Ndivyo ilivyokuwa.

Mama Kevina hakukaa kuilalamikia sheria huku watu wanakufa. Alitafuta mwanamke asiye mtawa, daktari, akampata. Anaitwa Dakta Evelyn Connolly. Alikuja Uganda mwaka 1919. Mwaka 1921 wawili hao wakafungua Nsambya shule ya wauguzi na wakunga. Wanafunzi ni wasichana wa Kiafrika. Kwa hiyo mtawa haruhusiwi kuzalisha, sawa, lakini hakuna sheria inayomkataza kujenga shule ya watakaozalisha.

Kwenye kilima cha pili, Namirembe, Waanglikana nao walikuwa na shule yao ya wakunga, chini ya Dakta Albert Cook na mkewe Katharine. Vilima hivi viwili vilitazamana kwa jicho la pembeni. Lakini mtoto anayezaliwa salama haulizi mkunga ni wa kilima gani, na mimi naona mashindano yale yaliwafaa akina mama wa Uganda.

Sheria ile ya Kanisa ilikuja kulegezwa Roma mwaka 1936. Tangu hapo mtawa akaruhusiwa kusomea ukunga na udaktari wa uzazi. Mwaka uliofuata, 1937, mwanamke mwingine wa Ireland, Mama Mary Martin, alianzisha shirika la masista waganga. Na masista wa shirika hilo ndio waliofika hapa kwetu mwaka 1954 wakaanzisha hospitali ya Makiungu. Akina mama, inueni mikono waliozalia Makiungu. Naona. Na nyinyi mliozaliwa Makiungu, inueni. Baba, na wewe inua! Sasa mnaona habari hii haiko mbali na sisi.

Tuendelee. Kufungua shule ya wakunga kulileta tatizo la pili. Mkunga lazima asome maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Lazima aandike saa, apime joto, ajue hesabu. Msichana ambaye hajapita shule atawezaje? Kwa hiyo ukitaka wakunga, kwanza uwe na shule za wasichana vijijini. Ukitaka shule vijijini, uwe na walimu. Na walimu wanawake watoke wapi, wakati kila msichana akifika miaka kumi na minne anaolewa? Ukivuta uzi mmoja, nguo yote inakuja.

Mwaka 1923 alianzisha shirika la masista wa Kiafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Alianza na wasichana wanane. Si yeye wa kwanza. Masista Weupe kule Bwanda walikuwa wametangulia tangu 1910 na shirika la Bannabikira, na ni haki niseme hivyo. Lakini hebu fikirini nyumba walizotoka wasichana wale wanane. Binti ni mahari. Binti ni wajukuu. Anakuja Mzungu anamwambia mzee, binti yako hataolewa, hatazaa, atakuwa mwalimu. Mngekubali? Mimi nisingekubali siku ya kwanza. Hata ya pili. Lakini wasichana wenyewe walikuja, wengine wametoroka kwao, na wazazi walipoona kwamba binti anarudi likizo anasoma, anaandika, anatibu macho ya wadogo zake, maneno yakapungua. Leo masista wa shirika hilo wako Uganda, Kenya na hapa Tanzania.

Katika miaka ya 1930 alianzisha vituo vya wagonjwa wa ukoma, Nyenga na Buluba. Hapo sitakaa, maana ni habari ya siku nyingine.

Mwaka 1940, pale Nkokonjeru ilipo nyumba ya Masista Wadogo, ilianzishwa shule ya sekondari ya wasichana. Mwaka 1942 ikahamia Namagunga, njia ya Kampala kwenda Jinja, karibu na Lugazi. Jina lake ni Chuo cha Mlima wa Mtakatifu Maria. Watu wengi wanasema Namagunga tu, inatosha. Mama Kevina alikuwa na miaka 67. Yule msichana aliyegeuzwa mlangoni kwa kukosa ada, sasa ndiye anayefungua mlango.

Mwaka 1942 mnajua dunia ilikuwa na vita kuu ya pili. Chakula kigumu, saruji ngumu, fedha ngumu. Na Chuo cha Makerere kilikuwa bado hakipokei mwanamke hata mmoja. Wasichana wa kwanza waliingia Makerere mwaka 1945. Kwa hiyo Namagunga ilianza kuwafundisha wasichana sekondari wakati mlango wa mbele yao ulikuwa bado umefungwa. Mtu mwenye hesabu za dukani angesema, ngojeni kwanza Makerere wakubali, ndipo tujenge. Mama huyu alijenga kwanza.

Miongoni mwa waliosoma Namagunga ni Dakta Specioza Wandira Kazibwe, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Uganda tangu 1994 mpaka 2003. Alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika kushika kiti hicho. Alizaliwa Iganga, Busoga, nchi ile ile ya malale.

Na hapa kwetu je? Hapa kwetu masista wa Maryknoll kutoka Marekani walikuwa na Chuo cha Marian, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Serikali ilipochukua shule za mashirika baada ya sheria ya elimu ya 1969, kikaitwa Kilakala, na bado ni shule ya wasichana ya serikali. Msiichanganye na Marian ya Bagamoyo, hiyo ni ya baadaye. Kwa masista wale wa Morogoro alisoma Mama Gertrude Mongella. Alitoka kisiwa cha Ukerewe, akiwa na miaka kumi na miwili, akavuka ziwa na nchi nzima kwenda shule. Mwaka 1995 alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa dunia kule Beijing, China. Mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Ukerewe ni mbali kuliko hapa. Na hapakuwa na basi la saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa nisije nikaonekana nimekuja kumsifu mtu bila kupima. Wazee wangu walinifundisha kwamba sifa bila kasoro ni ya maiti siku ya mazishi. Yapo maswali. Mama Kevina aliwaweka masista wa Kiafrika katika shirika lao, na Wazungu wakabaki katika lao. Mwaka 1952 wale Wazungu wa Afrika wakapata shirika jipya, Masista Wafransisko Wamisionari wa Afrika, naye akawa mkuu wake wa kwanza. Kwa nini wasiwe pamoja? Wengine husema ni ili Waafrika wajitawale mapema. Wengine husema ni ubaguzi wa enzi zile. Mimi naona yote mawili yalikuwamo. Halafu Namagunga haikuwa shule ya mtoto wa kila mtu. Ada ilikuwapo. Na mafunzo ya mwanzo mwanzo ya wasichana yalikuwa na sindano na pasi nyingi kuliko hesabu. Alikuwa mtu wa enzi zake na wa serikali yake, iliyomvalisha nishani mara mbili, ya pili mwaka 1955.

Lakini nitazameni tarehe. Mwaka 1903 mwembe. Mwaka 1921 wakunga. Mwaka 1923 walimu watawa. Mwaka 1942 sekondari. Miaka 39 kutoka mwembe mpaka sekondari. Kila ngazi aliiweka juu ya wasichana waliotoka katika ngazi ya chini. Hakuleta walimu wote kwa meli. Hilo ndilo lililofanya kazi isife alipoondoka yeye.

Na aliondoka hivi. Mwaka 1955, akiwa na miaka 80, alipumzishwa uongozi. Mtu wa miaka 80 angekaa kivulini. Yeye akapelekwa Boston, Marekani, kutafuta fedha kwa ajili ya kazi ya Afrika. Mnakumbuka alipokuwa kijana alitaka Marekani, akapewa Afrika? Marekani ikaja mwishoni. Huko Boston alifariki tarehe 17 Oktoba 1957.

Mwili wake ulirudishwa Ireland kwa masista wenzake. Lakini Waganda walisema hapana. Walisema mama yetu hazikwi ugenini. Jambo hili kwetu tunalielewa bila kufundishwa. Mtu akifia mbali, jamaa wanauza hata ng'ombe, mwili urudi nyumbani. Na kwa Waganda nyumbani kwa Mama Kevina hakukuwa Ireland. Mwili ukaletwa kwa ndege, na Desemba 1957 ukazikwa Nkokonjeru, pale alipoanzia na wale wasichana wanane. Jina lake lilikuwa limeingia katika lugha yao, hata watu wakiambiana "kevina" wakimaanisha hospitali au nyumba ya kusaidia watu. Mwaka 2016 Kanisa lilifungua rasmi uchunguzi wa maisha yake, kuona kama atatangazwa mtakatifu. Hilo ni la Wakatoliki wenyewe, nawaachia.

Basi sasa naona saa ya Mwenyekiti inanitazama.

Nimesikia maneno yanayosemwa hapa kijijini. La kwanza, ada. Ada ya sekondari ya serikali mpaka kidato cha nne iliondolewa tangu 2016. Sare, madaftari na viatu havikuondolewa, najua, na ndivyo vinavyowashinda watu. La pili, kwamba msichana atapata mimba njiani. Shule ni mbali, kilometa saba, na kipindi cha mvua korongo linajaa. Hofu hiyo ni ya kweli na simcheki mzazi mwenye nayo. Lakini binti aliye Dar es Salaam katika nyumba ya mtu tusiyemjua, nani anamlinda? Na kama jambo limeshatokea, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni, kwa hiyo tusiseme tena eti amekwisha. La tatu ni lile linalosemwa kwa sauti ya chini, la ng'ombe. Hilo nalo nimelisikia.

Kikundi chetu cha akina mama kina fedha kidogo ya kuku na ya mafuta ya alizeti. Juzi tulikaa, tukabishana mpaka giza likaingia, maana wengine walisema fedha hiyo ni ya kukopeshana, si ya kugawa. Mwishowe tumekubaliana kununua sare moja, jozi moja ya viatu na madaftari kumi. Mama mmoja mwenye shemeji jirani na shule amesema mtoto anaweza kulala kwao siku za mvua. Nimeonana na mwalimu mkuu. Amesema nafasi ya mtoto ipo mpaka mwisho wa mwezi huu.

Baba yake, ndugu yangu, sitaki unijibu hapa mbele ya watu. Nitapita kwako kesho jioni, ng'ombe wakisharudi zizini. Nitakuja na mama mmoja wa kikundi, tutakunywa uji, tutazungumza.

Kama kuna mwenye swali, aulize sasa kabla Mwenyekiti hajafunga.